Kasha la Kwenda Bila Kurudi

Mwezi Juni 1947 meli iitwayo Waterman iling'oa nanga Rotterdam ikiwa na abiria zaidi ya 1,000, wengi wao wakulima, wake zao na watoto wao. Haikuwa meli ya starehe. Ilijengwa Marekani wakati wa vita, na hata baada ya Waholanzi kuichukua ilibaki na sura ya kambi: wanaume walilala upande wao, wanawake na watoto upande wao, kwenye vitanda vya ghorofa vilivyopangwa safu kwa safu. Ilikuwa na dada zake wawili, Groote Beer na Zuiderkruis. Waliozipa majina walikuwa wametazama angani: Groote Beer ni Dubu Mkubwa, Zuiderkruis ni Msalaba wa Kusini, na Waterman ni ile nyota ambayo wanajimu wa Kiswahili huiita Ndoo. Siku chache baadaye abiria wa Ndoo waliteremka Montréal, wakawa kundi kubwa la kwanza la wahamiaji wa Kiholanzi kuingia Kanada baada ya vita.

Chini ya sitaha walikuwa wameacha makasha yao.

Kila familia iliyohama ililijua kasha hilo kwa jina moja tu, kist. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao, mara nyingine kubwa kama chumba kidogo, lililogongelewa misumari na kuandikwa kwa brashi jina la baba na bandari ya upande wa pili. Serikali ya Uholanzi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, hivyo haikuruhusu wahamiaji kutoka na akiba yao yote. Fedha zilizozuiwa kuvuka mpaka ziligeuzwa vitu. Mtu aliuza ng'ombe au duka, akanunua jiko, cherehani, baiskeli, mablanketi, vitanda na zana za useremala, akavipakia vyote. Mara nyingi mke ndiye aliyeamua kama kabati la mama yake litaingia au litabaki. Hata neno lenyewe lilikuwa na uzito wake, kwa sababu kwa Kiholanzi kist ni kasha, na kist hiyohiyo ni jeneza.

Ni vigumu kwa msomaji wa leo, anayeijua Uholanzi kuwa nchi tajiri ya maua na kandanda, kuamini kwamba watu walikuwa wakiikimbia. Lakini Uholanzi ya 1945 ilikuwa nchi iliyopondwa. Wajerumani walikuwa wameikalia miaka mitano. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 miji ya magharibi ilikatiwa chakula, na watu takriban 20,000 wakafa. Waliosalia walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu. Bandari ya Rotterdam ilikuwa imeharibiwa, mashamba mengine yalikuwa yamefunikwa na maji ya chumvi, na nyumba zilikuwa haba kiasi kwamba vijana waliooana waliishi miaka mingi chumba kimoja kwa wakwe.

Tena nchi yenyewe ni ndogo. Ardhi kavu ya Uholanzi haifikii eneo la Mkoa wa Dodoma, na kufikia 1950 ilikuwa na watu milioni 10. Mkulima wa jimbo la Friesland au Groningen mwenye wana watano alijua kwamba mmoja tu angerithi shamba. Wanne waliobaki wangekuwa vibarua wa watu wengine, au wangeingia viwandani, jambo ambalo wengi waliliona kama kushushwa cheo. Juu ya hayo kulikuwa na hofu. Indonesia, koloni lililoiingizia nchi utajiri kwa karne tatu, ilitangaza uhuru wake Agosti 1945, na baada ya vita vya miaka minne Uholanzi ikalazimika kuukubali Desemba 1949. Vita vya Korea vilipoanza 1950, wazazi waliokwisha kuona majeshi yakipita mlangoni mwao walianza kuhesabu umri wa watoto wao wa kiume.

Kura ya maoni ya 1948 ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya Waholanzi walikuwa tayari kuhama. Na wakubwa hawakuwazuia. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1950, Waziri Mkuu Willem Drees aliwaambia wananchi kwamba sehemu ya taifa lazima ithubutu kutafuta maisha katika nchi kubwa zaidi, kama mababu walivyofanya. Serikali ililipia sehemu ya nauli, ikaandaa mihadhara, ikaonyesha filamu za mashamba mapana ya ng'ambo. Waliotaka kufundishwa Kiingereza walifundishwa. Ni mara chache katika historia serikali huwahimiza raia wake, tena wenye nguvu na watoto, waondoke. Uholanzi ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Wimbi lilifikia kilele 1952, mwaka ambao karibu watu 50,000 waliondoka. Mara nyingi husemwa kwamba walioondoka ni wahanga wa mafuriko, lakini kalenda inakataa. Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, ikaua watu 1,836, hasa katika jimbo la Zeeland. Wakati huo makasha yalikuwa yamekwisha kusafirishwa kwa maelfu. Mafuriko yaliwapa sababu nyingine watu ambao tayari walikuwa na sababu. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 takriban nusu milioni walikuwa wamekwenda Kanada, Australia, Marekani, Afrika Kusini na New Zealand.

Kanada ilivuta wengi kuliko nchi nyingine, na mvuto huo ulikuwa na historia ya karibu mno. Askari wa Kanada ndio walioikomboa sehemu kubwa ya Uholanzi, na zaidi ya 7,600 kati yao walizikwa njiani. Wasichana wapatao 1,900 waliolewa na Wakanada hao na kuwafuata kwao. Juliana, binti wa malkia, alikuwa amekimbilia Ottawa wakati wa vita, na Januari 19, 1943 alijifungulia huko binti yake wa tatu, Margriet. Hapo ndipo sheria ilipofanya kioja cha aina yake. Ili mtoto asizaliwe raia wa himaya ya Uingereza, serikali ya Kanada ilitangaza kwamba chumba cha uzazi, kwa muda wa tukio hilo, hakimo katika ardhi ya Kanada. Margriet alizaliwa Ottawa, lakini kwa sheria hakuzaliwa Kanada. Vita vilipokwisha Juliana alituma shukrani yake: vitunguu 100,000 vya tulipu. Ottawa huchanua kila Mei mpaka leo.

Miaka minne baada ya kuzaliwa binti huyo, wahamiaji wa Waterman waliingia katika nchi hiyohiyo, na sheria iliwasubiri kwa njia nyingine. Kwa sheria ya uraia ya Uholanzi ya 1892, aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari alipoteza ule wa kuzaliwa. Kanada nayo ilikuwa ndiyo kwanza inaanzisha uraia wake, Januari 1947. Binti wa kifalme alilindwa asije akawa wa huko hata kwa bahati mbaya. Mkulima wa Friesland alipokula kiapo miaka mitano baada ya kufika, alitoka mahakamani akiwa mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Bandarini Halifax, Kanada, wengi walipitia Gati 21, jengo refu ambalo kati ya 1928 na 1971 lilipokea wahamiaji karibu milioni moja, na ambalo sasa ni makumbusho ya taifa. Baada ya ukaguzi wa karatasi na wa afya walipanda treni za viti vigumu, wakasafiri siku mbili, tatu, nne, wakiangalia misitu isiyokwisha dirishani. Kwa watu waliotoka nchi ambako kila kipande cha ardhi kina mpaka na kila mfereji una mwenyewe, upana huo uliwatia furaha na woga kwa pamoja.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanada haikungoja siku ya tatu. Ilitaka wakulima, kwa hiyo kila familia ilipangiwa mwajiri mwenye shamba aliyeahidi kazi na nyumba, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Wapo makarani na mafundi waliojitambulisha kuwa wakulima ili wapate nafasi, nao waliumbuka siku walipokabidhiwa ndoo ya kukamulia. Kusini mwa Alberta na kusini-magharibi mwa Ontario familia nzima ziliinama kwenye viazisukari, zikipalilia na kupunguza miche kwa jembe la mkono, watoto wakiwemo. Zao walilolila kwa njaa mwaka 1945 sasa lilikuwa linawalipa ujira.

Nyumba zilizoahidiwa ndizo zilizobaki zaidi kwenye masimulizi yao. Zilikuwa mabanda ya zamani ya kuku, maghala ya nafaka, vibanda visivyo na maji wala umeme, vilivyoingiza theluji kupitia nyufa. Mwanamke aliyekuwa akisugua baraza lake kila Jumamosi huko Drenthe alijikuta anapachika magazeti ukutani kuzuia upepo. Kasha lilipofika, wiki kadhaa baada ya wenyewe, lilifunguliwa kwa uangalifu ili mbao zisipasuke. Zilikuwa mbao nzuri kuliko zile za nyumba. Zikawa sakafu, zikawa rafu, zikawa kitanda cha mtoto.

Baba alikuwa na kazi, na kazi ilimfundisha lugha. Watoto walikwenda shule, wakadhihakiwa kwa kaptula zao na kurudishwa madarasa ya chini kwa kukosa Kiingereza, lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa wakitafsiri kila barua iliyoingia nyumbani. Mama ndiye aliyebaki jikoni na ukimya. Waholanzi wana neno heimwee, maumivu ya nyumbani, na walilitumia kama jina la ugonjwa. Simu ya kuvuka bahari ilikuwa ghali mno. Barua ya ndege, karatasi nyembamba iliyokunjwa ikawa bahasha yenyewe, ilijazwa mpaka pembezoni, na ndani yake mambo yalikuwa mazuri daima: mahindi yamestawi, watoto wananenepa. Banda la kuku halikutajwa. Mama wa upande wa pili naye hakutaja kwamba baba anaumwa. Wengi walipata habari ya msiba baada ya maziko, na safari ya kwenda kuzika haikuwezekana. Hapo ndipo ile maana ya pili ya kist ilipowafikia.

Waliokwenda Australia walikuwa na safari ndefu zaidi, wiki tano au sita. Meli kama Johan van Oldenbarnevelt ilipita mfereji wa Suez, ikashuka Bahari ya Shamu na kukata Bahari ya Hindi mpaka Fremantle. Australia na Uholanzi zilitia saini mkataba wa uhamiaji 1951, na wengi wa waliosaidiwa nauli walianzia Bonegilla, kambi ya zamani ya jeshi katika jimbo la Victoria iliyopokea wahamiaji wa Ulaya zaidi ya 300,000 hadi ilipofungwa 1971. New Zealand ilipata sinema yake yenyewe. Oktoba 1953 ndege ya KLM ilishiriki mashindano ya kuruka kutoka London hadi Christchurch ikiwa imepakia wahamiaji, wakiwemo mabibi harusi watarajiwa waliokuwa wakiwafuata wachumba wao. Ilishinda katika kundi lililopigiwa hesabu ya uwiano wa uzito na kasi, na magazeti yakapata picha za wanawake vijana wakishuka ngazi kuwatazama wanaume ambao baadhi yao hawakuwaona kwa mwaka mzima au zaidi.

Je, walikuwa wa wapi sasa? Wenyeji walilijibu swali hilo haraka. Waholanzi walikuwa weupe, Wakristo, wachapakazi, wepesi wa lugha, na hawakujazana katika mtaa mmoja. Maofisa wa uhamiaji waliwasifu kuwa wahamiaji bora, na watafiti wakawapa jina la wahamiaji wasioonekana. Jan akawa John, Pieter akawa Peter. Mvulana mmoja aliyezaliwa Noordwijkerhout, katikati ya mashamba ya maua, alifika British Columbia 1947 akiwa na miaka 13 na jina refu la ubatizo lililoanza na Wilhelmus. Alikua akiuza vitunguu vya maua, na mwaka 1986 Bill Vander Zalm akawa waziri mkuu wa jimbo hilo. Katika jina lake hata ile "van der" ilikuwa imeshikanishwa, isiwasumbue makarani.

Lugha ndiyo iliyolipa gharama. Mwanaisimu Michael Clyne, aliyechunguza lugha za wahamiaji Australia kwa miongo kadhaa, aliwakuta Waholanzi mbele ya makundi yote katika kuacha lugha yao: kwa sensa ya 1996, zaidi ya nusu ya wakazi waliozaliwa Uholanzi walitumia Kiingereza peke yake nyumbani. Wagiriki na Waitaliano waliofika miaka hiyohiyo hawakuwakaribia. Mwacha asili ni mtumwa, angesema mzee wa pwani, lakini wazazi hao hawakujiona wanaacha asili. Waliambiwa, na wakaamini, kwamba mzazi mwema huwafungulia watoto mlango.

Kundi moja lilikataa sehemu ya mpango huo. Uholanzi ya wakati ule iligawanyika katika kile walichokiita nguzo: Wakatoliki, Wakalvini na wasoshalisti, kila nguzo na shule yake, gazeti lake, chama chake cha wafanyakazi, hata mbuzi wa maziwa, walitania, alikuwa na chama cha dini yake. Ofisi za kuhamisha watu nazo ziligawanywa kwa nguzo. Wakatoliki walipofika Kanada waliingia parokia zilizokuwepo na kuyeyuka humo. Wakalvini walilikuta kanisa la Christian Reformed, lililoanzishwa Michigan 1857 na Waholanzi wa wimbi la awali, wakalijaza. Maofisa wake waliwapokea wahamiaji bandarini, wakawatafutia waajiri, wakawapatanisha nao. Kisha wakajenga nguzo upya: shule za msingi, vyama vya akiba na mikopo, chama cha wafanyakazi mwaka 1952, na baadaye hata vyuo. Kiholanzi kiliachwa humo pia, mimbarini na majumbani, ila jamii ilibaki. Watoto wao waliooana baina yao waliapa viapo vya ndoa kwa Kiingereza.

Kutoonekana, hata hivyo, hakukugawiwa kwa wote. Baada ya Indonesia kujitawala, watu takriban 300,000 walihamia Uholanzi kutoka huko, wengi wao wakiwa machotara waliozaliwa na damu ya Ulaya na ya Asia. Uholanzi iliwapokea kwa ubaridi, na makumi ya maelfu wakaondoka tena. Australia, iliyokuwa na sera ya kupokea weupe, iliwapima rangi. Marekani iliwafungulia mlango kwa sheria maalumu ya 1958.

Miongoni mwa waliokwenda California alikuwemo Jan van Halen, mpiga klarineti na saksofoni, na mkewe Eugenia, mzaliwa wa Java. Walikuwa na wavulana wawili waliozaliwa Amsterdam. Mwaka 1962 walisafiri kwa meli kutoka Uholanzi, piano ikiwa miongoni mwa mizigo yao, na baba akapiga muziki njiani kuchangia nauli. Pasadena, California, mwanamuziki huyo alifanya kazi za usafi na kupiga muziki wa harusi mwisho wa wiki; mama alisafisha nyumba za watu. Mwana mdogo, Edward Lodewijk, jina la kati kwa heshima ya Beethoven, alisimulia baadaye kwamba shuleni watoto wasiojua Kiingereza waliwekwa pamoja na watoto weusi, na kwamba hao ndio waliokuwa marafiki zake wa kwanza. Uholanzi mama yake aliitwa chotara, Marekani yeye aliitwa mgeni. Mwaka 1978 bendi aliyounda na kaka yake Alex ilitoa albamu yake ya kwanza ikiwa na jina la familia, na dunia ikajifunza kulitamka.

Wakati huohuo nchi waliyoiacha iliendelea bila wao. Mwaka 1959 gesi iligunduliwa chini ya mashamba ya Groningen, jimbo lililokuwa limewatoa watu kwa meli. Viwanda vilikosa mikono. Serikali iliyokuwa ikilipia nauli ya kuondoka sasa ilitia saini mikataba ya kuleta wafanyakazi kutoka nje, na Uturuki 1964, na Moroko 1969. Mwanamume wa Anatolia alikuja kushika nafasi ambayo mwana wa nne wa Friesland alikuwa ameambiwa haipo.

Nauli za ndege ziliposhuka katika miaka ya 1960 na 1970, wahamiaji walianza kurudi kutembea. Walikuta barabara kuu mahali pa mifereji ya utotoni na makanisa yaliyogeuzwa maduka ya mazulia. Wapwa zao waliwacheka kwa upole, kwa kuwa Kiholanzi chao kilikuwa cha 1950, chenye maneno ya nyanya na vipande vya Kiingereza katikati. Huko Ontario walikuwa Waholanzi. Uholanzi walikuwa Wakanada. Wengi walirudi Kanada kabla ya tarehe ya tiketi. Wengine hawakuacha desturi hata moja: sikukuu ya Sinterklaas tarehe 5 Desemba, maandazi ya oliebollen usiku wa mwaka mpya, pipi nyeusi za chumvi ambazo hakuna jirani aliyezipenda, na kalenda ya siku za kuzaliwa iliyotundikwa chooni.

Uzeeni Kiingereza kiliwatoka baadhi yao. Wauguzi wa nyumba za wazee Australia na Kanada wanaujua mtindo huo: mtu aliyeishi miaka 50 kwa lugha ya pili, kumbukumbu zikianza kuchakaa, huanza kudondosha maneno ya mwisho aliyojifunza na kubaki na ya kwanza. Mama aliyewalea watoto kwa Kiingereza ili wasionekane wageni huomba maji kwa Kifrisia, lugha ya Friesland, na mabinti zake hutazamana. Jamii kadhaa zimejenga makao ya wazee ambako kahawa huja na biskuti saa nne kamili na kuna mtu wa kujibu.

Watoto hao ndio sasa wanaouza nyumba za wazazi. Wakibandua rafu za stoo, wakivunja banda la nyuma au kugeuza mbao za dari, zipo familia zinazokuta chini ya tabaka za rangi herufi nyeusi za brashi: jina la baba, na neno Halifax.